Tusiimbe Herufi, Tuimbe Mapigo

Kugeuza molekuli za mwili kuwa muziki si jambo jipya tena. Mwaka 1986 Susumu Ohno, mtaalamu wa jeni aliyefanya kazi California, alichapisha pamoja na mkewe Midori makala iliyolinganisha mfuatano wa jeni na utunzi wa nyimbo. Mwaka 2007 Rie Takahashi na Jeffrey Miller, wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, walitoa njia ya kuandika protini kwa nota za piano. Mwaka 2020, dunia ikiwa imefungiwa majumbani, Markus Buehler wa chuo cha MIT aliigeuza protini ya virusi vya korona kuwa muziki. Njia hizo zinaweza kutumika pia kwa homoni, zile kemikali ambazo tezi zetu huzituma katika damu ili kuamsha, kutuliza, kukuza na kuzalisha.

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, na sioni sababu ya watu wa lugha kukaa pembeni katika jambo hili. Anayechukua kitu kilichoandikwa katika mfumo mmoja na kukipeleka katika mfumo mwingine anafanya kazi tunayoijua, na tuna haki ya kumuuliza maswali tunayomuuliza kila mfasiri. Hoja yangu ni hii: njia inayotumika zaidi hubeba herufi za homoni na kuiacha maana yake. Kama sisi wa Ituri tutafanya muziki wa homoni, tuuanzie kwenye mapigo.

Tutazame kwanza kazi inavyofanyika. Homoni nyingi za binadamu ni minyororo ya asidi amino, na asidi amino za kawaida ziko 20. Mtunzi huipa kila moja nota yake, kisha huusoma mnyororo toka mwanzo hadi mwisho, kama mtoto wa shule anayesoma herufi za neno. Chukua oksitosini, homoni inayokaza mji wa mimba wakati wa kujifungua na kutoa maziwa mtoto anaponyonya. Ina asidi amino 9 tu: sisteini, tirosini, isoleusini, glutamini, asparajini, sisteini tena, prolini, leusini na glisini. Mmarekani Vincent du Vigneaud aliitengeneza katika maabara mwaka 1953, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa mtunzi wetu hizo ni nota 9, ya kwanza na ya sita zikiwa sawa. Ukizipiga kwa likembe, zinakwisha kabla hujavuta pumzi ya pili.

Njia hii ina faida yake. Vasopresini pia ina asidi amino 9, na inatofautiana na oksitosini mahali pawili tu, pa tatu na pa nane. Piga ya kwanza, halafu piga ya pili: sikio linashika mara moja kwamba nota mbili zimebadilika. Mwalimu wa bio-shimi katika sekondari zetu angeweza kulifundisha somo hilo kwa dakika moja, na wanafunzi wasingelisahau. Lakini waulize wanafunzi haohao homoni hizo zinafanya nini. Hakuna kitu katika nota hizo kinachowaambia kwamba moja inamsukuma mtoto atoke na nyingine inaiamuru figo irudishe maji mwilini. Wamesikia tahajia ya homoni, basi.

Katika isimu kazi ya namna hiyo ina jina: unukuzi. Ukiandika neno la Kilendu kwa herufi za Kigiriki umelinukuu. Mgiriki ataweza kulitamka, pengine hata kulipenda kwa sauti yake, na bado hatajua kama umemsalimu au umemtukana. Unukuzi ni kazi halali. Kosa linaanza pale mtu anapouita tafsiri, akatuambia kwamba sasa tumeusikia mwili unavyosema.

Tena hata kama unukuzi tu, kazi hii ina mapengo. Sisteini mbili za oksitosini, ya kwanza na ya sita, zimeshikana. Kwa hiyo asidi amino 6 za mwanzo zinafanya pete, na 3 za mwisho zinabaki kama mkia. Umbo hilo ni sehemu ya jinsi mwili unavyoitambua homoni hiyo. Wimbo unaokwenda mbele kutoka nota ya 1 hadi ya 9 umeinyoosha pete ikawa kamba.

Kongo yetu ina mfano mkali zaidi wa tatizo hili. Katika miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, alifanya kazi nchini mwetu katika ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Aliona akina mama wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili uchungu wa kuzaa uende haraka. Alichukua mmea huo, ambao jina lake la kisayansi ni Oldenlandia affinis, akautafuta ndani yake unaotenda kazi. Kiini kimojawapo kikaitwa kalata B1, na kwa hiyo jina la Kongo limeingia katika vitabu vya kemia vya dunia nzima. Mwaka 1995 umbo lake lilijulikana: asidi amino 29 zilizofungwa katika duara, zisizo na mwanzo wala mwisho, imara kiasi cha kuvumilia maji yanayochemka. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba molekuli za jamii hiyo kutoka kwenye mmea huo zinaweza kugusa vipokezi vya oksitosini, yaani pale mwilini ambapo homoni yenyewe hupokelewa. Sasa mwambie mtunzi wa herufi aipige kalata. Aanzie wapi? Popote atakapoanzia amechagua yeye, na msikilizaji hataambiwa.

Kuna homoni nyingine ambazo hazina mnyororo kabisa. Kortisoli, estrojeni, projesteroni na testosteroni hutengenezwa kutokana na kolesteroli. Hazina asidi amino za kuhesabu, kwa hiyo kwa njia ya herufi hizo ni bubu. Na ndizo homoni zinazogusa mazungumzo ya kila siku hapa Bunia: kijana anayebadilika sauti, mama aliye kwenye uzazi wa mpango, mtu ambaye halali usiku kwa hofu ya kushambuliwa. Njia isiyoweza kuyataja mambo hayo ina maneno machache mno.

Basi maana ya homoni iko wapi? Jibu lililonishawishi lilitoka kwa Ernst Knobil na wenzake wa Pittsburgh, mwaka 1978. Walifanya kazi na nyani ambao sehemu ya ubongo inayotuma homoni ya kuamsha uzazi ilikuwa imeharibiwa. Homoni hiyo ina asidi amino 10. Waliporudisha homoni hiyo kwa mfululizo, bila kukatiza, tezi iliyo chini ya ubongo ilinyamaza. Walipoitoa kwa vipindi, dakika chache kila saa, tezi iliamka na kufanya kazi yake. Molekuli ilikuwa ileile, na herufi zake 10 zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni mapigo, na jibu la mwili likageuka kuwa kinyume chake. Madaktari wanautumia ujuzi huo hadi leo: dawa za jamii hiyo zikikaa mwilini bila kukoma huzima homoni za uzazi, kwa mfano katika kutibu saratani ya tezi dume. Zikitolewa kwa pampu, pigo baada ya pigo, humsaidia mwanamke asiyepevusha yai apate mimba.

Hiyo si homoni ya peke yake. Kortisoli hupanda kuelekea alfajiri, mtu anapokaribia kuamka, na hushuka chini kabisa karibu na usiku wa manane. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Kongosho hutoa insulini kwa mapigo madogo yanayopishana kwa dakika chache, na kuongeza nguvu mtu anapokula. Oksitosini ya mama aliye katika uchungu hutoka kwa vipindi, na vipindi hivyo huzidi kukaribiana kadiri mtoto anavyokaribia. Hata anayepokea hujiandaa: mimba inapokomaa, vipokezi vya oksitosini huongezeka sana katika mji wa mimba, hivi kwamba sauti ambayo zamani haikusikika sasa inasikika. Kuna wakati, kuna marudio, kuna ukimya, kuna sikio. Mwanamuziki yeyote anajua hizo ni mali za muziki. Mwili umekwisha kuziandika kabla hatujachagua nota hata moja.

Na Ituri inajua kutunga namna hiyo. Waalur wa Mahagi na ndugu zao wa ng'ambo ya mpaka, Uganda, wana ngoma ya agwara. Mpiga baragumu mmoja ana sauti moja ya kutoa. Akiwa peke yake hana wimbo. Wimbo unatokea kwa sababu mwenzake anaingia pale yeye anaponyamaza, na wa tatu anaingia baada ya huyo, kila mmoja kwa zamu yake. Akichelewa mmoja, wachezaji wanajua mara moja. Wambuti wa msituni nao wana waimbaji ambao kila mmoja anashika kipande kidogo, na sauti zinafumana mpaka mgeni hajui wimbo unatoka kwa nani. Tezi za mwili ziko hivyo: kila moja ina sauti yake, na afya inategemea kuingia na kunyamaza kwa wakati. Mtu akitaka kuwasikilizisha watu homoni, kundi la agwara linamfaa kuliko piano iliyosomewa orodha ya asidi amino.

Kwa nini tujisumbue? Nitatoa sababu moja ambayo haihusu sanaa. Wanawake wengi wanatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na wengi wao, baada ya muda, hawaoni tena damu ya mwezi. Hofu inayosikika mara kwa mara, hapa kwetu na katika nchi nyingi za Afrika, ni kwamba damu hiyo imejikusanya tumboni na italeta ugonjwa. Wengine huacha sindano kwa hofu hiyo, wakapata mimba ambayo hawakuwa tayari kuilea. Wakiuliza sababu, mara nyingi jibu wanalopata ni neno moja: «homoni». Neno hilo ni la kweli, ila mtu asiyejua homoni inatenda vipi hapati chochote ndani yake. Maelezo yenyewe ni ya mapigo. Sindano inaweka mwilini sauti moja ndefu isiyokoma, ubongo unapunguza mapigo yake, yai halipevuki, na utando wa ndani wa mji wa mimba unabaki mwembamba. Kwa kuwa utando haukunenepa, hakuna damu nyingi ya kutoka, na hakuna iliyojificha.

Jambo hilo linaweza kusikika. Fikiria saa 24 za mwili zilizofupishwa ziwe dakika 4, yaani kila saa ichukue sekunde 10. Insulini inayopiga kila dakika 5 inakuwa ngoma ndogo ya haraka, pigo moja kwa chini kidogo ya sekunde. Homoni ya ubongo inayoamsha uzazi, ambayo kwa mwanamke katika nusu ya kwanza ya mzunguko wake hupiga karibu kila saa moja au moja na nusu, inakuwa baragumu moja linalolia kila sekunde 10 hadi 15. Kortisoli inavimba kuelekea alfajiri na kuzama usiku. Kisha upigwe wimbo huohuo mara ya pili, safari hii sauti ndefu ya sindano ikishikiliwa juu yake, na lile baragumu la uzazi lipunguze mwendo. Msikilizaji hahitaji cheti ili asikie kilichobadilika na kilichobaki palepale.

Najua pingamizi la kwanza. Wimbo huo nao umejaa uchaguzi wangu: nani kasema insulini iwe ngoma na saa iwe sekunde 10? Ni kweli, na hakuna tafsiri isiyochagua. Tofauti iko katika kuuweka uchaguzi hadharani. Walokele wa karibu na Kisangani walilijua jambo hili zamani. Ngoma yao ya maneno, iliyoelezwa na mmisionari John Carrington katika kitabu chake cha mwaka 1949, ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, zinazofuata toni za lugha yao. Neno lao la mwezi na neno lao la kuku yana toni zilezile, kwa hiyo kwa ngoma hayatofautiani. Mpigaji hamwachi msikilizaji akisie: kwa mwezi huongeza maneno ya kuuonyesha ukiitazama dunia kutoka juu, na kwa kuku huongeza maneno ya sauti yake ndogo. Ujumbe unakuwa mrefu, lakini unafika, kwa sababu kijiji kizima kinaijua kanuni. Muziki wa homoni unahitaji kanuni ya namna hiyo, isomwe kabla ya wimbo, kwa lugha ya anayesikiliza.

Hapo ndipo kazi yetu ya lugha inapokuwa nzito. Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2.200 katika Kivu Kaskazini na Ituri, ilitufundisha kwamba habari sahihi katika lugha isiyo ya msikilizaji ni kama haikutolewa. Shirika la Translators without Borders lilionyesha wakati huo kwamba maandishi ya Kifaransa, na hata ya Kiswahili cha vitabuni, yaliwachanganya watu wengi wanaosema Kiswahili cha Kongo na lugha za makwao. Tukisema «vipokezi» redioni, nani ataelewa? Napendekeza tuseme masikio ya mji wa mimba, masikio ya figo, kisha neno la kitaalamu lifuate kwa anayelihitaji. Na tuseme hivyo pia kwa Kilendu, Kihema, Kialur na Kinande, tukiwauliza wenye lugha hizo badala ya kuwabunia maneno.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwenzangu mmoja aliniuliza nitazungumzaje muziki wa homoni wakati watu wamelala chini ya hema katika kambi za wakimbizi wa ndani pembezoni mwa mji huu. Namjibu kwamba katika kambi hizo kuna wanaojifungua, wanaonyonyesha, wanaougua sukari na wanaopewa sindano ile ya miezi mitatu. Vita havijawaondolea haki ya kuelewa wanachofanyiwa mwilini. Ninachokataa ni kuwafanya wao kuwa malighafi: kuchukua damu yao, kuipima kortisoli, na kuiuza huko mbali kama sauti ya mateso ya Ituri. Vipimo vya kawaida vya binadamu vimekwisha kuchapishwa katika vitabu, na vinatosha kwa wimbo wa kufundishia.

Basi napendekeza kazi ambayo haihitaji mfadhili. Wanafunzi wa lugha washirikiane na wanafunzi wa uuguzi na kundi moja la wapiga agwara. Wauguzi walete saa za homoni nne: insulini, kortisoli, homoni ya kuamsha uzazi, na oksitosini ya uchungu. Wapigaji wachague sauti ya kila moja, wao ndio wenye masikio hayo. Sisi tuandike kanuni ya kusomwa kabla ya wimbo, kwa Kiswahili cha hapa kwanza. Mji una Redio Candip, ambayo tangu mwanzo ilikuwa redio ya kufundisha, na dakika 4 za muziki na dakika 3 za maelezo zinaingia katika kipindi chochote.

Halafu tufanye jambo ambalo watunzi wa herufi hawana haja ya kulifanya: tuwaulize wasikilizaji wamesikia nini. Tusiwaulize kama wimbo ni mzuri. Tuwaulize sindano imebadilisha nini katika wimbo wa pili, na kwa nini damu haikuonekana. Wakijibu vema, tumetafsiri. Wakituambia tu kwamba baragumu zimelia vizuri, turudi mezani tuiandike kanuni upya.